Kuvunja Jiwe la Figo ni Nusu ya Kazi: Jinsi Mashine Zinavyotofautiana

Muuzaji wa vifaa vya thieta akifungua katalogi yake, picha ya kwanza huwa ni jiwe linalopasuka. Picha hiyo haimsaidii sana mnunuzi, kwa sababu karibu kila mashine iliyoko sokoni leo inalivunja jiwe la figo, hata lile gumu. Taabu huanza baada ya hapo, vipande vikishatawanyika ndani ya figo. Vitatoka kwa njia gani? Vitachukua muda gani? Vingapi vitabaki? Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mgonjwa aliyelazwa Mbeya anaweza kuwa ametoka Sumbawanga, Mpanda au Ludewa, kipande kilichobaki kina maana ya nauli nyingine, kulazwa tena, na mara nyingi jiwe jipya linalokua juu ya kile kipande. Kwa hiyo hapa mashine zinalinganishwa kwa namna zinavyoviondoa vipande, kisha kwa namna zinavyoharibika.

Upasuaji unaozungumziwa ni ule wa kupitia tundu dogo mgongoni. Daktari huingiza sindano hadi kwenye kikombe kimoja cha figo (kijichumba kinachokusanya mkojo) akiongozwa na eksirei au ultrasaundi, hupitisha waya, hupanua njia juu ya waya huo, huweka ala ya plastiki au chuma (mrija wa kupitishia vifaa), kisha huingiza darubini ya figo ndani ya ala. Fernström na Johansson wa Sweden walichapisha taarifa ya kwanza ya kutoa mawe kwa njia hii mwaka 1976. Miongozo ya kitabibu huiweka mbele kwa mawe yanayozidi milimita 20. Madogo zaidi mara nyingi hushughulikiwa na mashine ya mawimbi ya mshtuko inayovunja kutoka nje ya mwili, au na darubini nyembamba inayopanda kupitia kibofu na mrija wa mkojo.

Upana wa njia hutajwa kwa kipimo cha Fr (French), na Fr 3 ni milimita 1. Njia ya kawaida ni Fr 24 hadi 30, yaani milimita 8 hadi 10. Njia ndogo ni Fr 14 hadi 20. Namba hizi zishikwe vizuri, maana ndizo zinazoamua mashine ipi itaingia na kipande kipi kitatoka.

Namba nyingine ya kushika ni ujazo wa jiwe. Ripoti ya CT (eksirei ya kompyuta) huandika kipenyo, na kipenyo kinadanganya. Jiwe la duara la sentimita 1 lina ujazo wa takriban nusu sentimita ya ujazo. La sentimita 3 lina zaidi ya sentimita 14 za ujazo, mara 27 ya lile. Tuseme mashine fulani inamaliza milimita moja ya ujazo kila sekunde. Jiwe dogo litakwisha ndani ya dakika 9, lile kubwa litahitaji karibu saa 4. Ndiyo maana kifaa kinachosifiwa sana kwenye mawe madogo kinaweza kuwachosha watu thietani jiwe likiwa limejaza figo.

Mashine ya upepo

Hii ndiyo rahisi kuielewa na rahisi kuitunza. Ndani ya kishikio kuna risasi ndogo ya chuma inayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Risasi inagonga kitako cha fimbo ya chuma, fimbo inagonga jiwe, kama fundi wa barabara anavyovunja zege kwa mashine ya upepo. Ile iliyoenea zaidi, Swiss LithoClast, ilibuniwa Lausanne, Uswisi, ikaingia hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hutumia hewa ya takriban baa 3 na hupiga hadi mara 12 kwa sekunde. Fimbo zake ni chuma kisicho na tundu, kuanzia milimita 0.8 hadi 2. Kuna pia aina ya kushika mkononi inayotumia kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi, isiyohitaji umeme wala kompresa.

Faida zake ni mbili. Haizalishi joto, na nyama laini ya figo hurudi nyuma na fimbo badala ya kupasuka, kwa hiyo ukiigusa kwa bahati mbaya madhara huwa madogo. Jiwe gumu nalo hupasuka haraka.

Ubaya wake ni kwamba hainyonyi chochote. Jiwe moja linakuwa vipande 30, na kila kipande lazima kishikwe kwa koleo na kutolewa kupitia ala. Kila safari ya koleo huchukua muda, hugusa utando wa figo, na huenda ikakikimbiza kipande kingine kwenye kikombe ambacho darubini ngumu haikifikii. Kosa linalojirudia kwa wanaoanza ni kubonyeza pedali muda mrefu hadi jiwe lote limesambaratika. Linalotakiwa ni kulibana jiwe kidogo kwenye ukuta wa figo, kupiga mapigo machache, kusubiri lipasuke, kisha kutoa vipande vilivyopo kabla ya kuendelea. Kipande cha milimita 7 kinapita vizuri kwenye ala ya Fr 28. Hakuna sababu ya kukisaga kiwe mchanga.

Ndani ya mrija wa mkojo mashine hii ina tabia nyingine mbaya: pigo hulisukuma jiwe lipande juu hadi figoni. Tabia hiyo haina uzito mkubwa kwenye upasuaji wa mgongoni, ila inafaa kujulikana kama hospitali inataka kifaa kimoja cha kazi zote mbili.

Mashine ya mtetemo, na kwa nini saksheni ndiyo nusu yake

Mashine ya mtetemo hutumia vipande vya seramiki ambavyo hutanuka na kusinyaa umeme ukipita. Mtetemo huo, mara 23,000 hadi 25,000 kwa sekunde, husafiri kwenye fimbo yenye tundu katikati hadi nchani. Ncha ikigusa jiwe inalisaga. Isipoligusa haifanyi kitu, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa nyama iliyo pembeni ilimradi ncha isielekezwe kwake.

Uzuri uko kwenye lile tundu. Fimbo huunganishwa na saksheni, yaani pampu ya kuvuta majimaji, na jiwe linavyosagika, unga na vipande vidogo vinavutwa moja kwa moja hadi kwenye chupa. Saksheni hiyohiyo huvuta maji baridi kupitia ndani ya fimbo na kuipoza. Pia hupunguza shinikizo ndani ya figo, jambo ambalo tutalirudia chini kwa sababu lina uhusiano na homa baada ya upasuaji.

Saksheni ikiziba, vyote vitatu vinakwama kwa pamoja, na hapa ndipo mashine hizi nyingi hufa. Dalili huonekana hivi: maji kwenye mrija wa saksheni yanasimama, picha inakuwa na ukungu wa unga wa jiwe, kishikio kinapata joto mkononi. Mtu asiyejua hukandamiza zaidi. Anayejua huachia pedali, hutoa fimbo, hupitisha waya wa kuzibulia kutoka upande wa kishikio kwenda nchani, husukuma salaini kwa bomba la sindano, kisha hurudi kazini. Ikiachwa iendelee bila maji, joto linaweza kuunguza utando wa figo na kuharibu seramiki.

Saksheni kali kupita kiasi nayo ni tatizo. Figo hujikunja juu ya ncha, mapovu hujaa kwenye picha, na damu huanza. Kibanio cha kawaida kwenye mrija kinatosha kurekebisha: kibane hadi maji yanayotoka yalingane na yanayoingia na kuta za figo zibaki zimetanuka. Muuguzi anayesimamia kibanio hicho ana mchango mkubwa kwenye matokeo kuliko watu wanavyodhani.

Kuna jambo la mkono pia. Fimbo isukumwe kuelekea mbele tu. Ukiipinda kwa pembeni ili kufikia kikombe cha kando, mtetemo hufa njiani, chuma husuguana na darubini na kupata moto, na baada ya upasuaji kadhaa fimbo hupata ufa. Jiwe likiwa mahali ambapo darubini haiendi bila kulazimishwa, dawa yake ni kufungua njia ya pili au kutumia darubini inayopinda.

Udhaifu wa mtetemo peke yake ni mawe magumu na laini kwa uso, ambapo ncha huteleza bila kuuma. Ndiyo sababu zikabuniwa mashine mseto. Za kwanza zilipitisha fimbo nyembamba ya upepo ndani ya tundu la fimbo ya mtetemo. Zilivunja vizuri, lakini fimbo hiyo ya ndani ilikula nafasi ya saksheni, na vipande vikakwama. Za kizazi kipya, kama Trilogy na ShockPulse-SE, huleta mtetemo na pigo kupitia fimbo moja yenye tundu wazi. ShockPulse-SE hutetema mara 21,000 kwa sekunde na kuongeza pigo mara 300 kwa sekunde. Kwa jiwe kubwa na njia ya kawaida, hizi ndizo zinazofanya kazi yote kwa mkono mmoja. Lakini isidhaniwe kwamba mseto humfanya kila mgonjwa atoke bila kipande: mahali ambapo vifaa vya aina hii vimelinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, tofauti ya usafi wa figo imekuwa ndogo. Mahali njia ilipotobolewa na mkono wa mpasuaji huamua zaidi.

Leza

Leza ya holmiamu hutoa mwanga wa nanomita 2,100, na leza ya thuliamu ya nyuzi hutoa nanomita 1,940. Zote humezwa haraka na maji, kwa hiyo hazipenyi mbali. Mwanga hupita kwenye uzi mwembamba wa kioo, maikromita 150 hadi 550. Wembamba huo ndio sababu ya kuinunua: uzi unapita kwenye darubini inayopinda na kwenye njia ndogo kabisa, mahali ambapo fimbo ya chuma haifiki.

Kuna namba mbili za kuweka. Moja ni nishati ya kila pigo kwa juli, nyingine ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Zidisha, unapata wati. Juli 0.8 hadi 1.2 kwa mapigo 6 hadi 10 hutoa vipande vya kushika kwa koleo. Juli 0.2 hadi 0.5 kwa mapigo 50 au zaidi husaga kuwa vumbi, kama mashine ina uwezo huo.

Watu wengi huangalia wati na kusahau joto. Mililita 1 ya maji huhitaji takriban juli 4.2 kupanda nyuzi 1. Leza ya wati 40 ikifanya kazi kwenye kikombe chenye mililita 10 za maji yasiyotembea hupandisha joto karibu nyuzi 1 kila sekunde. Kutoka nyuzi 37 hadi 43, ambapo tishu huanza kuwa hatarini, ni kama sekunde 6. Maji yakitembea vizuri hatari hiyo huondoka. Kwa hiyo mtu wa maji akisema mfuko umeisha, mguu utoke kwenye pedali kabla ya mfuko kubadilishwa.

Uzi ukiwashwa ukiwa bado ndani ya darubini unaichoma darubini. Hakikisha unaona ncha imetoka milimita kadhaa ndiyo uwashe. Uzi uliopindwa sana huweza kukatika na kutoboa darubini inayopinda, na ukarabati wa darubini hiyo unaweza kuwa ghali kiasi cha kusimamisha huduma nzima. Kila mtu thietani avae miwani ya kinga ya leza ya aina hiyo, mgonjwa naye afunikwe macho.

Kwenye jiwe la sentimita 3 kupitia njia ya Fr 28, leza haina sababu ya kuwa chaguo la kwanza. Rudia hesabu ya ujazo iliyo juu.

Mashine ya cheche za umeme, iliyobuniwa Kiev miaka ya 1950, hutoa cheche majini na kulipua povu karibu na jiwe. Ni rahisi kununua, lakini inaweza kutoboa ukuta wa mrija kwa urahisi. Ukipewa ya msaada, shukuru na uiweke stoo.

Njia ikiwa ndogo

Kuna mvuto mkubwa wa kupunguza njia hadi Fr 16 ili kupunguza damu, na kwa mtoto au jiwe la sentimita 2 ni uamuzi mzuri. Ila fimbo yenye tundu nayo hupungua. Mtiririko wa maji kwenye mrija hupungua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: tundu likiwa nusu, yanapita maji sehemu moja ya 16. Ndiyo sababu fimbo za milimita 1.5 huziba kila mara. Kwenye njia hii leza au fimbo ya upepo ya milimita 0.8 hadi 1 inafaa zaidi, na utoaji wa vipande unaachiwa maji yenyewe: yakiingia kwa kasi kwenye ala nyembamba huzunguka, na darubini ikivutwa nyuma taratibu vipande huifuata hadi nje. Kipande lazima kiwe chini ya milimita 5, kwa kuwa Fr 16 ni milimita 5.3 tu.

Jiwe lenyewe linasema nini

CT hupima msongamano wa jiwe, ambao mara nyingi hudokeza ugumu wake, kwa vipimo vya Hounsfield. Jiwe la asidi ya yuriki kwa kawaida huwa 300 hadi 500, wakati kalsiamu oksaleti ya monohidrati na brushiti huzidi 1,000. Jiwe la maambukizi, struviti, hukua likajaza matawi yote ya figo lakini ni laini, na mtetemo wenye saksheni humeng'enya kwa raha. Hilo ndilo jiwe ambalo leza hupoteza muda bure na mashine ya upepo hutawanya vipande vyenye bakteria. Jiwe la sistini huchanganya watu: msongamano wake kwenye CT si mkubwa sana, ila ni gumu kuvunja. Hapo pigo linahitajika.

Maji na shinikizo

Shinikizo ndani ya figo likipita takriban milimita 30 za zebaki, mkojo na bakteria husukumwa kurudi kwenye mishipa ya damu. Milimita 30 za zebaki ni sawa na kimo cha maji cha sentimita 40 hivi. Mfuko uliotundikwa sentimita 80 juu ya figo unazidi kiwango hicho kama maji hayana pa kutokea, lakini ala ikiwa pana kuliko darubini, maji hutoka pembeni na shinikizo hushuka. Asiye na saksheni asiongeze shinikizo kwa kubana mfuko. Mkojo uoteshwe maabara siku kadhaa kabla, maambukizi yatibiwe, na usaha ukionekana sindano ilipoingia, weka mrija wa kutoa mkojo, ahirisha kuvunja.

Maji yawe salaini ya asilimia 0.9. Thieta inayofanya upasuaji wa tezi dume huwa na glisini au maji yaliyosafishwa kwenye shelfu hiyohiyo, na mifuko inafanana. Maji matupu yakifyonzwa hupasua chembe za damu na kushusha sodiamu. Jiwe kubwa linaweza kumaliza lita 10 hadi 20. Mwezi wa Juni na Julai, stoo ya Mbeya, Njombe au Makete ni baridi kiasi kwamba lita hizo humpoza mgonjwa hadi kutetemeka. Zipashwe hadi nyuzi 37 kabla.

Mwinuko, umeme na vipuri

Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000. Shinikizo la hewa Mbeya ni kilopaskali 82 au 83, badala ya 101 za pwani. Mashine ya upepo haijali sana, kwa kuwa inategemea tofauti ya shinikizo ambayo kompresa inaitengeneza. Saksheni inajali. Pampu inayovuta kilopaskali 80 Dar es Salaam itavuta karibu 65 Mbeya, na pampu iliyochoka itashuka zaidi. Mashine ya mtetemo iliyoonekana hodari kwenye maonyesho ya pwani inaweza kuonekana mvivu huku, na kosa likawa la pampu ya ukutani.

Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, inajali zaidi. Kufikia nyuzi 121 kunahitaji shinikizo kamili la kilopaskali 205. Pwani geji husoma 104. Mbeya lazima isome takriban 122. Mashine ya zamani inayoendeshwa kwa geji, ikiachwa kwenye 104, itafika nyuzi 118 tu, na fimbo yenye tundu refu lenye unga wa jiwe ndani haitakuwa salama. Amini kipimajoto na vipande vya kibayolojia vya kupima, usiamini geji. Fimbo isuguliwe kwa brashi ya ndani na kusafishwa kwa maji mara tu baada ya kazi, kabla unga haujakauka. Kishikio cha mtetemo kikitoka kwenye moto kiachwe kipoe chenyewe. Kutumbukizwa kwenye maji baridi hupasua seramiki.

Kuhusu umeme, leza kubwa ya holmiamu huhitaji laini yake nzito na mfumo wa kupoza kwa maji. Ile ya thuliamu huchomekwa kwenye soketi ya kawaida. TANESCO ikikatika na jenereta ikachukua sekunde chache kuwaka, leza na mashine mseto huanza upya. Darubini inabaki gizani ndani ya figo, jambo ambalo UPS (betri ya akiba) ya taa na kamera hulitatua kwa gharama ndogo.

Kwa hospitali ya kanda hii inayoanza huduma, mashine mseto yenye fimbo moja ni chaguo zuri, kwa sharti kwamba fimbo za akiba mbili au tatu zinakuja nayo na saksheni imekaguliwa. Fedha zikiwa chache, mashine ya upepo na makoleo mawili imara itafanya kazi miaka mingi bila kumsubiri fundi apande basi kutoka Dar. Leza inunuliwe pale ambapo darubini inayopinda ipo na kuna mtu atakayeitumia kila wiki.

Kabla ya kusaini kupokea, fanya jaribio hukohuko thietani kwako. Finyanga madonge ya sentimita 2 kwa plasta ngumu ya madaktari wa meno, yaache yakauke siku kadhaa, yaloweke, yaweke kwenye beseni la salaini, na umwombe muuzaji ayavunje kwa kutumia saksheni ya ukutani ya hospitali, si pampu aliyokuja nayo. Andika dakika alizotumia, mara ngapi fimbo iliziba, na lita ngapi za maji zilipita. Karatasi hiyo ibaki kwenye faili la mashine. Jaribio lirudiwe kila baada ya miezi mitatu na majibu yalinganishwe: dakika zikiongezeka huku lita zikipungua, anza na pampu na tundu la fimbo, lita zikiwa zilezile na dakika zimeongezeka, fimbo au seramiki inachoka na agizo la kipuri litumwe wiki hiyohiyo.